Insha yako ya kwanza chuoni: kuanzia swali hadi kukabidhi

Mwanafunzi anayetoka kidato cha sita huingia chuoni akijua kuandika insha. Alifundishwa kuanza na maana ya neno kuu la swali, kupanga hoja sita au zaidi, kila hoja na aya yake, kisha kufunga kwa "kwa kuhitimisha". Kwa mtindo huo alifaulu Historia na Kiswahili, na hakuna wa kumlaumu kwa kuuamini. Halafu insha yake ya kwanza ya chuo inarudi na alama 9 kati ya 20, na pembeni mhadhiri ameandika: "Jibu lako liko wapi?"

Swali hilo huwachoma wengi, kwa sababu wao wanaona wamejibu. Wametaja mambo sita, yote ya kweli. Lakini mambo sita yaliyoanikwa kama nguo kwenye kamba hayawi jibu. Insha ya chuo ni jibu moja la swali moja, linalotajwa mapema na kutetewa kwa ushahidi hadi mwisho, na kila aya ipo kwa sababu jibu hilo linaihitaji. Nimesahihisha kazi nyingi za mwaka wa kwanza, na ninachokutana nacho mara kwa mara si uvivu wala uhaba wa akili. Ni vijana waliosoma kwa bidii ambao hakuna aliyewaambia kwamba kanuni zimebadilika.

Nitafuata swali moja tangu mwanzo hadi mwisho, la aina ambayo mwanafunzi wa Stadi za Maendeleo, Historia au Sayansi ya Siasa nchini Tanzania anaweza kupewa: "Tathmini ni kwa kiasi gani sera ya vijiji vya Ujamaa ilifikia malengo yake nchini Tanzania kati ya mwaka 1967 na 1977. Maneno 1,500." Kama unasoma Nairobi, Kampala au Bujumbura, weka swali lako mahali pa hili. Hatua ni zile zile.

Hatua ya 1: Livunje swali vipande

Kabla ya kwenda maktaba, chukua karatasi uandike swali lote kwa mkono. Kisha piga mstari chini ya kila neno linalokupa kazi ya kufanya.

"Tathmini" inakutaka utoe hukumu, na hukumu haitolewi bila vigezo. "Kwa kiasi gani" inakwambia kwamba ndiyo tupu au hapana tupu haitatosha. Lazima useme ni kwa upande upi sera ilifika na kwa upande upi haikufika. "Malengo yake" ndiyo maneno ambayo wengi huyaruka, na ndiyo yenye alama nyingi. Huwezi kupima kama sera ilifikia malengo kabla hujaonyesha waliobuni sera hiyo walisema wanataka nini. "1967 na 1977" ni mipaka. Huhitaji kuanza na kuzaliwa kwa Mwalimu Nyerere pale Butiama mwaka 1922, wala kumalizia na mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980. Maneno 1,500 ni machache kuliko unavyodhani. Ukitumia 400 kueleza historia, umebakiwa na 1,100 za kujibu.

Vitenzi vingine utakavyokutana navyo: "eleza" na "fafanua" vinataka ueleweshe jambo lilivyo au linavyofanya kazi, "linganisha" inataka vitu viwili viwekwe kwenye mizani moja, si nusu ya insha kwa hiki na nusu kwa kile, "changanua" inataka uonyeshe sehemu za jambo na jinsi zinavyohusiana, "jadili" inataka pande zaidi ya moja, kisha msimamo wako. Wengi wanadhani "jadili" ni kutaja faida na hasara halafu kuondoka. Sivyo. Msimamo bado unadaiwa.

Kama kuna neno hulielewi, muulize mhadhiri au mwalimu wa semina mapema, wala usione haya. Lakini nenda na swali lililoiva. "Shikamoo Daktari, sijaelewa swali" humpa kazi ya kukufundisha upya. "Shikamoo Daktari. Swali linasema malengo ya sera. Nayachukua yale yaliyoandikwa mwaka 1967 peke yake, au na yale yaliyoongezwa baada ya 1973?" hili litajibiwa kwa dakika mbili, na jibu lake linaweza kukuokolea siku nzima.

Hatua ya 2: Andika jibu la awali

Kabla hujasoma, andika sentensi moja: leo hii, kwa unayoyajua, jibu ni lipi? Pengine utaandika, "Nadhani Ujamaa ulishindwa kwa sababu watu walilazimishwa." Hiyo yatosha. Faida yake ni kwamba sasa unasoma ukiwa na kitu cha kukipima. Chini ya sentensi hiyo andika maswali matatu au manne inayoyazua: Walilazimishwa lini, tangu mwanzo au baadaye? Nani anasema ulishindwa, na anatumia kigezo gani? Kuna lililofanikiwa? Kuna sababu nyingine zaidi ya nguvu? Maswali hayo ndiyo yatakayokuongoza maktabani.

Hatua ya 3: Soma kwa kutafuta

Nianze na madesa, zile nakala za notsi zinazorithishwa mwaka hadi mwaka na kuuzwa kwenye steshenari za jirani na chuo. Yasome ukitaka kukumbuka muhadhara ulihusu nini, lakini usiyatumie kama chanzo. Hayana mwandishi anayejulikana, yamenakiliwa na mtu aliyenakili kwa mtu, na miaka mara nyingi imekosewa. Tena mhadhiri anayajua. Akikutana na sentensi ile ile kwenye kazi za wanafunzi kumi na watano, hahitaji programu yoyote kumwambia imetoka wapi.

Anza na orodha ya usomaji ya kozi. Chukua vitu viwili au vitatu vinavyogusa swali moja kwa moja, ufungue yaliyomo na faharasa, na usome sura unayoihitaji. Kitabu kizima si lazima. Makala ya jarida soma ikisiri kwanza, kisha hitimisho, na ukiona inakufaa ndipo urudi katikati. Kwa mambo ya kanda yetu, Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina sehemu ya East Africana yenye machapisho na ripoti ambazo huwezi kuzipata kirahisi mtandaoni. Aliye karibu nayo asiipuuze. Mtandaoni tumia Google Scholar, na uulize maktaba yako jinsi ya kuingia kwenye majarida ambayo chuo kimeyalipia. Wanafunzi wengi humaliza mwaka wa kwanza bila kujua kwamba nywila ya chuo inafungua maelfu ya makala bure. Wikipedia inafaa kwa kupata picha ya jumla na majina ya kutafuta. Usiishie hapo.

Unaposoma, andika notsi kwa namna itakayokulinda baadaye. Kila notsi iwe na jina la mwandishi, mwaka na ukurasa. Ukinakili maneno yake kama yalivyo, weka alama za kunukuu papo hapo, hata kama ni maneno matano. Ukiandika kwa maneno yako, funga kitabu kwanza, ndipo uandike. Na upande wa kulia acha nafasi ya kujibu swali moja: hili linafanya nini kwa jibu langu? Linaliunga mkono, linalipinga au linalirekebisha?

Kwa swali letu, upande wa kushoto wa notsi zako utaanza kujaa hivi. Azimio la Arusha lilitangazwa 5 Februari 1967. Septemba mwaka huo Nyerere alitoa andiko la *Ujamaa Vijijini*, lililotaka vijiji vya watu wanaoishi pamoja na kufanya kazi pamoja kwa manufaa ya wote, tena kwa hiari. Kusini, Chama cha Maendeleo cha Ruvuma kilikuwa tayari na vijiji vilivyoanzishwa na wakulima wenyewe, na mwaka 1969 chama tawala, TANU, kikakivunja chama hicho. Novemba 1973 Nyerere akatangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Sheria ya vijiji ikapitishwa 1975. Kufikia 1977 watu zaidi ya milioni 13 walihesabiwa kuwa wanaishi vijijini. Katikati ya yote hayo kuna ukame wa 1973 na 1974 na kupanda kwa bei ya mafuta duniani kulikoanza mwishoni mwa 1973.

Tazama sasa jibu lako la awali. Ulisema watu walilazimishwa. Notsi zinakwambia kuna kabla na baada ya 1973, na kwamba hata kabla ya hapo kuna jambo la Ruvuma la kueleza. Jibu limeanza kujirekebisha lenyewe, na hiyo ni dalili kwamba umesoma vizuri.

Hatua ya 4: Tunga dai kuu

Hapa ndipo insha inaposimama au kuanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Dai kuu ni jibu lako la swali kwa sentensi moja au mbili. Wanafunzi wengi huandika hivi: "Sera ya Ujamaa ilikuwa na mafanikio na changamoto zake." Sentensi hii haina kosa, na ndiyo shida yake. Ondoa neno Ujamaa, weka elimu ya msingi, kilimo cha korosho au mabasi ya mwendokasi, bado ni kweli. Sentensi inayofaa kwa kila kitu haijajibu chochote.

Jaribio la pili: "Sera ya vijiji ilifanikiwa kuwakusanya watu lakini ilishindwa kuwafanya wazalishe kwa pamoja." Sasa tumeanza kusema. Kuna lengo lililofikiwa na lengo lisilofikiwa, na vyote viwili vinaweza kupimwa.

Jaribio la tatu linaongeza sababu: "Kufikia 1977 sera ya vijiji ilikuwa imefikia lengo la kuwakusanya wananchi mahali ambapo huduma zingeweza kuwafikia, lakini lengo la uzalishaji wa pamoja halikufikiwa, hasa kwa sababu baada ya 1973 hiari iliyokuwa msingi wa sera iliachwa na amri ikachukua nafasi yake."

Hili linatosha kubeba maneno 1,500. Limejibu "kwa kiasi gani", limetaja malengo, limebaki ndani ya miaka, na limetoa sababu inayohitaji kuthibitishwa. Lipime zaidi kwa swali hili: kuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kulipinga? Yupo. Mmoja atasema ukame na bei ya mafuta ndivyo vilivyoangusha uzalishaji. Mwingine atasema, kama alivyosema Goran Hyden katika kitabu chake cha mwaka 1980, kwamba mkulima mdogo alikuwa na ardhi na jembe lake mwenyewe, kwa hiyo angeweza kuikwepa serikali, iwe kwa hiari au kwa amri. Dai lisiloweza kupingwa na yeyote ni taarifa tu, na taarifa haitetewi. La kwako linapingika, basi una insha ya kuandika.

Hatua ya 5: Panga njia ya kulitetea

Usiandike "hoja ya kwanza, hoja ya pili". Andika maswali ambayo msomaji wako atayauliza akishasikia dai, kwa mpangilio atakaouliza. Kwa dai letu: Malengo yalikuwa yapi? (Hapo ni andiko la 1967.) Lipi lilifikiwa, na unajuaje? (Idadi ya watu vijijini, na kile unachokipata kwenye vyanzo kuhusu shule, zahanati na maji.) Lipi halikufikiwa? (Mashamba ya pamoja.) Kwa nini? (Ruvuma 1969, amri ya 1973, operesheni zilizoendelea hadi 1976.) Je, si ukame? (Kipingamizi na jibu lake.) Maswali matano, aya sita au saba, zenye takriban maneno 200 kila moja, pamoja na utangulizi na hitimisho.

Upande wa kipingamizi wengi huogopa, wakidhani wakikitaja wameiharibu kazi yao. Ni kinyume chake. Mhadhiri anajua ukame ulikuwepo. Usipoutaja ataona hujasoma au umeuficha. Utaje, uupe uzito wake wa haki, halafu uonyeshe mpaka wake: ukame unaweza kueleza kwa nini mavuno ya 1974 yalikuwa mabaya, lakini haujaeleza kwa nini watu waliendelea kupendelea mashamba yao binafsi kuliko ya kijiji hata mvua iliponyesha. Ukikuta vyanzo vinakukatalia hapo, rekebisha dai. Dai kuu si kiapo. Linabadilika mpaka siku ya kukabidhi.

Hatua ya 6: Andika aya moja moja

Acha utangulizi. Anza na aya ya katikati unayoijua vizuri zaidi. Hii hapa aya ya aina ninayokutana nayo:

"Hoja nyingine ni matumizi ya nguvu. Matumizi ya nguvu ni ile hali ya kumlazimisha mtu kufanya jambo asilolitaka. Watu wengi walihamishwa kwa nguvu na wengine nyumba zao zilichomwa moto. Hili lilikuwa tatizo kubwa sana na liliwaathiri wananchi wengi. Pia kulikuwa na ukame."

Sentensi ya kwanza inatangaza mada bila kusema lolote juu yake. Ya pili inafafanua neno ambalo kila mtu analijua. Ya tatu ni ya kweli lakini haina lini, wapi wala nani kasema. Ya nne inapaza sauti badala ya kutoa ushahidi. "Sana" na "wengi" haviongezi uzito wa jambo. Ya tano imetoroka kwenda kwenye aya nyingine.

Sasa mambo yale yale yakiwa yanatumikia dai:

"Amri ya mwaka 1973 ndiyo iliyoitenga sera na msingi wake. Katika andiko lake la 1967 Nyerere alishikilia kwamba kijiji cha Ujamaa chenye uhai hujengwa na watu waliokubali wenyewe kujiunga, na kwamba kazi ya serikali ni kueleza na kusaidia, si kulazimisha (Nyerere, 1967). Miaka sita baadaye alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na operesheni za kuwahamisha watu zikaendelea hadi 1976. Scott (1998) anaonyesha kwamba katika zoezi hilo maofisa walipima mafanikio kwa idadi ya watu waliohamishwa na vijiji vilivyoundwa. Kwa hiyo watu zaidi ya milioni 13 waliohesabiwa vijijini mwaka 1977 ni ushahidi kwamba amri ilitekelezwa. Peke yao hawawezi kuwa ushahidi kwamba uzalishaji wa pamoja ulikubalika."

Sentensi ya kwanza ni dai dogo ambalo ni kipande cha dai kuu. Zinazofuata zinaleta ushahidi wenye mwaka na mwenyewe. Ya mwisho inamwambia msomaji ushahidi huo una maana gani, na hata inamnyang'anya mpinzani takwimu ambayo angeitumia. Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo inayokosekana kwenye insha nyingi. Mwanafunzi analeta ukweli, anauacha mezani, anaondoka kwenda kwenye aya inayofuata, akitarajia mhadhiri amalizie mwenyewe. Hatamalizia. Baada ya kila ushahidi jiulize "kwa hiyo?" na uandike jibu lake.

Ukishaandika aya zote, soma sentensi za kwanza tu, moja baada ya nyingine. Zikisomeka kama muhtasari wa hoja inayosonga mbele, mpango umeshika. Zikisomeka kama "pia", "vilevile", "hoja nyingine", rudi hatua ya 5.

Hatua ya 7: Utangulizi na hitimisho

Viandike mwisho. Utangulizi wa insha ya maneno 1,500 hauzidi maneno 150: sentensi mbili za kuliweka swali mahali pake, dai kuu, na sentensi moja ya kuonyesha njia utakayopita. Maana ya istilahi itolewe pale tu ambapo ina ubishi. "Vijiji vya Ujamaa" na "vijiji vya maendeleo" baada ya 1973 vinahitaji kutofautishwa, lakini "sera" haihitaji kamusi. Usianze na "Tangu enzi na enzi binadamu amekuwa..." Hitimisho lijibu swali kwa mara ya mwisho, sasa likiwa na uzito wa uliyoyathibitisha, na lisilete ushahidi mpya.

Hatua ya 8: Rejea, na mpaka wa wizi wa maandishi

Kila wazo, takwimu au maneno yaliyotoka kwa mtu mwingine yapewe mwenyewe. Jambo linalojulikana na wote, kwa mfano kwamba Azimio la Arusha lilitangazwa 1967, halihitaji rejea. Tafsiri ya mtu kuhusu Azimio hilo inahitaji, hata ukiiweka kwa maneno yako.

Mtindo wa marejeo hutegemea idara. Vyuo vingi hutumia APA: ndani ya matini jina la ukoo na mwaka, na ukurasa unaponukuu neno kwa neno, mwishoni orodha ya vyanzo vyote ulivyovitaja, kwa mpangilio wa alfabeti, kila kimoja kikiwa na mwandishi, mwaka, jina la kazi na mchapishaji. Waulize idara yako wanataka upi na toleo lipi, kisha usiuchanganye na mwingine. Kitu usichokisoma kisionekane kwenye orodha.

Wizi wa maandishi mara nyingi hutokea bila nia mbaya, na njia yake kubwa ni kubadilisha maneno matatu ndani ya sentensi ya mtu na kuidhani yako. Mwandishi akiandika, "Maofisa walishindana kuonyesha idadi kubwa ya waliohamishwa", nawe ukaandika, "Maofisa walishindania kuonyesha idadi kubwa ya watu waliohamishwa", hiyo bado ni yake. Programu kama Turnitin itaiona, na mhadhiri ataiona hata bila programu. Funga kitabu, mweleze mwenzako chumbani kwa mdomo yule mwandishi anasema nini, kisha andika ulivyomweleza, na rejea uweke vilevile.

Kuhusu programu za akili mnemba, soma kwanza kanuni za kozi yako, maana zinatofautiana. Lakini popote ulipo, fahamu kwamba programu hizi huweza kutunga vitabu na makala ambazo hazijawahi kuwepo, zenye majina ya kuvutia na miaka kamili. Mwanafunzi anayekabidhi marejeo ya namna hiyo amekabidhi uongo wenye jina lake juu. Na kuna hasara nyingine inayonisikitisha zaidi: kufikiri kwenyewe, kule kuhangaika kutoka dai la kwanza hadi la tatu, ndiko ulikokuja kujifunza.

Lugha: fikiri kwa ile unayoimudu

Tanzania, ukiacha kozi za Kiswahili, insha ya chuo huandikwa kwa Kiingereza. Wengi wanaandika sentensi ya kwanza kwa Kiingereza, inakwama, wanaacha kufikiri na kuanza kutafuta sentensi ya kunakili. Ushauri wangu ni huu: hatua ya 1 hadi ya 5 zifanye kwa Kiswahili, au kwa lugha yoyote unayofikiri nayo vizuri. Vunja swali, tunga dai, bishana na wenzako wa kundi la majadiliano, panga aya. Ukishajua unachotaka kusema, ndipo ukiandike kwa Kiingereza, kwa sentensi fupi zenye mtenda na tendo. Sentensi fupi sahihi inapata alama kuliko ndefu iliyojikanyaga. Usitafute maneno makubwa.

Baadaye pitia rasimu mara moja kwa ajili ya lugha tu: nyakati za vitenzi, umoja na wingi, na viwakilishi vya jinsia, kwa kuwa "yeye" yetu haitenganishi mwanamume na mwanamke, na kosa hilo huponyoka hata kwa waandishi wazuri.

Anayeandika kwa Kiswahili naye asidhani amepona. Kiswahili cha kitaaluma kina nidhamu yake. "Watu kibao walihamishwa" haikubaliki, na "changamoto" isibebe kila kitu: sema njaa, sema uhaba wa maji, sema upinzani wa wakulima.

Hatua ya 9: Kukarabati na kukabidhi

Ukiwa na wiki mbili, maliza rasimu siku nne kabla ya tarehe ya mwisho. Iache siku moja. Kisha isome kwa sauti, polepole. Mahali ulimi unapokwama, sentensi ina kasoro. Mpe mwenzako aisome na umwombe jambo moja tu: akwambie dai lako ni lipi bila kukuuliza. Akishindwa, msomaji mwingine naye atashindwa.

Hakiki mambo madogo yanayokula alama: idadi ya maneno, nafasi kati ya mistari, namba za kurasa, namba yako ya usajili, jina la kozi. Hifadhi kazi mahali pawili, moja iwe kwenye barua pepe yako, kwa sababu flashi hupotea na kompyuta za steshenari hupitisha virusi. Kama kazi inachapishwa, usiende asubuhi ya siku ya mwisho. Foleni huwa ndefu na umeme una tabia yake. Kama inapakiwa mtandaoni, pakia usiku uliotangulia, kisha fungua faili ulilopakia uhakikishe ndilo lenyewe. Rasimu zimeshakabidhiwa badala ya kazi kamili.

Insha ikirudi, usitazame alama tu na kuitupa kwenye begi. Soma kila alichoandika msahihishaji, na pembeni andika ungefanyaje sasa. Pasipoeleweka nenda ofisini kwake saa alizotenga kwa wanafunzi, ukiwa na insha yenyewe mkononi. Kuomba uongezewe alama mara chache huzaa kitu. Mwonyeshe aya moja, useme: "Mwalimu, hapa uliandika ushahidi hautoshi. Nilikuwa na chanzo hiki na hiki. Ningehitaji cha aina gani zaidi?" Andika jibu lake kwenye ukurasa ule ule, na uuweke karibu utakapopewa swali linalofuata.